UZI: Kupiga kambi kwenye nyika ya juu ya Mlima Kenya, huko yanakoanzia maji ya Tana

Mwana wa Langoni (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum, ndugu zangu wa Amu (Lamu), wa Malindi na popote mlipo. Tangu picha za safari yetu ya kwanza ya mlimani zianze kuzunguka kwenye simu za watu, vijana wengi wameniuliza kuhusu njia, gharama na nguo za baridi. Karibu hakuna aliyeniuliza jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo la kwanza, yaani namna ya kulala siku tatu au nne juu ya ardhi ile na kuondoka bila kuiachia jeraha. Kwa hiyo nimeona nianzishe uzi huu mapema, kabla hatujapanga safari ya pili wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari, ambapo mlima huwa mkavu na asubuhi huwa hazina mawingu.

Ardhi ninayoizungumzia si msitu na wala si kilele. Ukipanda Mlima Kenya unapita kwanza msitu mnene, kisha mianzi, kisha miti mifupi iliyoota ndevu za kijivu, halafu miti inakwisha na mbele yako panafunguka nyika pana ya nyasi za vishungi, vinamasi na vijito, inayopanda taratibu hadi kwenye mawe matupu. Humu nitaiita nyika ya juu. Yote imo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1949 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997. Mtu wa pwani akiiona mara ya kwanza hudhani ni mahame, kwa kuwa haoni shamba, mnazi wala moshi wa jiko, na akishaidhania hivyo hujiona yuko huru kuwasha moto na kumwaga taka popote.

Naanza na maji, kwa sababu ndiyo yanayotuunganisha na mlima huo. Kila aliyesafiri kwa basi kutoka Mokowe kwenda Malindi amevuka daraja la Garsen na kuuona Mto Tana ukipita, mzito na mwekundu wakati wa mvua, ukielekea Kipini kumwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana. Mto huo, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini, huanzia katika safu ya Aberdare na miteremko ya Mlima Kenya. Njiani huzungusha mitambo ya umeme ya mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hunywesha mashamba ya Bura na Hola, hutanda katika delta ambayo tangu mwaka 2012 imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwishowe hupeleka rutuba baharini kwa kamba na samaki wanaovuliwa na jamaa zetu.

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba maji hayo ni theluji inayoyeyuka. Barafu ya Mlima Kenya imebaki kidogo mno, na hata ilipokuwa kubwa siyo iliyoulisha mto. Sehemu kubwa ya maji ni mvua na ukungu unaotua juu ya msitu na nyika, ukanyonywa na udongo mweusi ulio kama sifongo, kisha ukaachiliwa kidogo kidogo hata katika miezi ambayo mvua haijanyesha. Udongo huo ukishindiliwa kwa nyayo au ukiungua, mvua haizami tena. Huteremka juu juu na kuubeba udongo wenyewe.

Sisi tulipanda kwa njia ya Chogoria, upande wa mashariki. Hukohuko Mto Nithi hutoka katika Bonde la Gorges, penye Ziwa Michaelson, ukateremka hadi kuingia Tana. Nilipoinama pale nikachota maji kwa kikombe, baridi yake ikiniuma meno, niliyakumbuka maji yaleyale nilivyoyaona chini ya daraja la Garsen siku mbili kabla, na tangu saa ile sikuweza tena kuitazama nyika ile kama mahali pa kupigia picha tu.

Kuhusu mahali pa kulala: ndani ya hifadhi hema hupigwa kwenye kambi zilizotengwa, na sababu yake ni nzuri. Ardhi ya kambi imekwisha kukanyagwa na kuwa ngumu, hivyo hema lako haliongezi madhara, ilhali hema hilohilo juu ya nyasi laini za kinamasi huacha alama ya kudumu. Msichimbe mfereji kuzunguka hema hata mvua ikitisha. Najua ni mazoea ya tangu shuleni, lakini mfereji huo mdogo huwa mwanzo wa korongo.

Kuhusu njia nina ombi moja ambalo nitalirudia mpaka mnichoke: njia ikiwa na tope, piteni katikati ya tope. Kila anayekwepa kwa kukanyaga nyasi za pembeni huipanua njia kwa hatua moja, anayemfuata hukwepa tope jipya alilolifanya mwenzake, na baada ya misimu michache njia ya mtu mmoja huwa pana kama uwanja. Sisi tuliozaliwa karibu na matumbawe tunajua kwamba mguu mmoja wakati wa maji kupwa huvunja kitu ambacho kimekua kwa miaka mingi. Nyasi zile ni hivyohivyo. Viatu huoshwa.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua.

Nahodha wa Mkomani

Wa alaikum salaam, Mwalimu. Nimesikia mtaani kwamba katika safari yenu ya kwanza mlipata mtihani wa chakula kule juu, na kwamba kulikuwa na maneno baina yenu na mwongozaji. Kama si siri, naomba utueleze wazi, maana mimi ndiye ninayetarajiwa kuwapikia vijana safari ijayo.

Mwana wa Langoni

Nahodha, si siri, na ni afadhali mlisikie kutoka kwangu kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Tulibeba mchele wa pishori kilo sita, nazi nane na mbuzi ya kukunia, kwa sababu hatukuweza kufikiria safari bila wali wa nazi. Kambi ya Mintos iko karibu mita 4,200 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi badala ya 100. Hakuna aliyetuambia, na mimi sikuuliza. Sufuria ilitokota zaidi ya saa nzima, tui likakatika, na punje bado zilikuwa na kiini kigumu. Mtungi wa pili wa gesi ukaisha huku jua limekwisha kuzama na upepo umeanza.

Hapo kijana mmoja, tena mwenye adabu na nia njema, alikwenda kwenye senesio kubwa iliyokuwa karibu na hema, akaanza kuchuna yale majani makavu yanayolizunguka shina ili tuwashe moto. Wale ambao hamjaiona, ni mti mnene mfano wa mgomba uliovaa makuti yake makavu mpaka chini, wenye kichwa cha majani mabichi juu. Mwongozaji wetu alikuja, akamshika mkono bila ukali, akamwambia aingize vidole kati ya majani na shina. Aliingiza, nami nikaingiza vyangu. Nje upepo ulikuwa unakata ngozi, na mle ndani palikuwa pakavu na pametulia, kama mtu anapoutia mkono wake ndani ya koti la mwenzake. Majani yale hayadondoki yanapokufa. Hubaki yameukumbatia mti ili maji yaliyo ndani ya shina yasigande usiku, na mti uliovuliwa koti hilo huwa umeachiwa baridi ya kila usiku katika mwaka mzima. Zamani wapandaji waliyachukua majani na magogo ya senesio kuwa kuni za kawaida, na miti ile hukua polepole sana.

Hatukuwasha moto. Hilo namshukuru mwongozaji.

Lakini ule wali mbichi niliumwaga mimi mwenyewe, gizani, kando ya kidimbwi, kwa kuona uzito wa kuubeba. Asubuhi kidimbwi kilikuwa kimefunikwa na barafu nyembamba kama kioo cha taa ya chemni, na chini yake punje nyeupe zilikuwa zimetulia juu ya tope, zinahesabika, na mafuta ya tui yameganda ukingoni. Pimbi wawili walikuwa wanakula zile zilizobaki kwenye majani. Watu wa kambi ya jirani wakaja na birika yao kuchota maji ya chai papo hapo. Tulivunja barafu tukaokota punje kwa vijiko na kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi, na hatukuzimaliza. Maji yale ni dimbwi tu, hayana mkondo wa kuyasafisha, na kwa baridi ile kitu kinachooza Amu kwa siku mbili hukaa pale kwa miezi.

Kwa hiyo, Nahodha, jibu langu kwako ni hili: usipike wali juu ya msitu. Beba mahamri, tende, kashata, ng'onda, mayai yaliyochemshwa na viazi vilivyopikwa mjini, halafu kule juu chemsha maji ya uji, chai na tambi za kuiva haraka peke yake. Pima chakula kwa idadi ya watu ili kisibaki, na kikibaki kinarudi nasi. Sufuria hupanguzwa kwa kipande cha mkate au karatasi, na karatasi hiyo hushuka na taka. Sabuni haiingii kwenye kijito hata kidogo, hata ile iliyoandikwa kwamba ni ya mimea.

Binti Shela

Mwalimu, nashukuru kwa ukweli wako. Nina maswali mawili ambayo ninadhani wengi wanayo ila wanaona haya. Kwanza, kuhusu udhu na kustanji: tutafanyaje mara tano kwa siku karibu na vijito hivyo bila kuvichafua? Pili, sisi wanawake tukiwa katika siku zetu, vitu vyetu tutavitia wapi?

Ummu Salim

Dada yangu, mimi nilikuwa katika safari hiyo, kwa hiyo niruhusu nikujibu.

Kambini mna vyoo vya shimo, na hivyo ndivyo vya kutumia, hata kama havipendezi. Mkiwa njiani mbali na choo, mwanamke aende na mwenzake wa kumsitiri, wasogee angalau hatua 80 kutoka kwenye maji yoyote na kutoka njiani, wachimbe kwa mwiko mdogo shimo la kina cha kiganja kizima na zaidi kidogo, kisha walifukie na kulirudishia bonge lake la nyasi kama kifuniko. Sote tulifundishwa chuoni, tungali wadogo, kwamba mtu hajisaidii kwenye maji yaliyotuama, wala njiani, wala chini ya kivuli wanapopumzika watu. Fundisho hilo linaitosha nyika ile kama vile limeteremshwa kwa ajili yake.

Na katika jambo hili mila yetu imetutangulia. Kopo la kustanjia lilitupunguzia karatasi, na karatasi ndizo uchafu niliouona zaidi kandokando ya njia, zimenaswa kwenye vishungi vya nyasi, nyeupe mpaka kwa mbali. Kwa udhu tulichota maji kwa birika, tukasogea mbali na ukingo, tukatawadha kwa kiasi kidogo sana bila sabuni. Hakuna aliyeingiza miguu kwenye kijito.

Pedi na vitu vya namna hiyo havizikwi na havichomwi. Nilibeba mfuko wa kitambaa mweusi wenye mfuko mwingine usiopitisha maji ndani yake, nikatia majani makavu ya chai ili kuondoa harufu, na nilishuka nao mpaka Chogoria. Kule ndani hairuhusiwi mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa maana ilipigwa marufuku nchini kote tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji, vikombe na vijiko vya plastiki vya kutumia mara moja vimekatazwa katika hifadhi zote za taifa. Nunueni chupa za chuma au thamosi mapema.

Mwana Malindi

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu nia ya mwanzisha uzi, lakini sijaridhika. Ndovu na nyati hupanda hadi kwenye nyika hiyo, hukanyaga vinamasi, hung'oa mimea na hujisaidia palepale wanapokunywa, na mlima umesimama. Moto nao huwaka porini tangu enzi. Watu kumi wa Amu wakiwasha moto mdogo wa kuota usiku mmoja, wakauzima kwa maji, kuna madhara gani ya kweli? Isijekuwa tunawatisha vijana wasiende kabisa, ilhali kwenda ndiko kunakowafanya waipende nchi yao.

Mwana wa Langoni

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza jambo la haki na nitalijibu bila kulipunguza.

Ndovu anakula kilichoota pale na kukirudisha palepale kikiwa mbolea. Haleti mafuta ya tui kutoka pwani, wala betri, wala kibiriti. Tena ndovu hawafiki wote katika kambi moja, kwenye vidimbwi vilevile, wiki baada ya wiki, kama tufanyavyo sisi.

Kuhusu kupona kwa ardhi, tazama jambo hili, ambalo nililiona kwa macho yangu na kuelezwa na mwongozaji. Juu kule baridi huganda karibu kila usiku, mwaka mzima, na mchana jua huchoma. Mahali palipobaki udongo mtupu, maji yaliyo ndani ya udongo huganda yakawa sindano ndogo zinazounyanyua udongo wa juu kwa upana wa kidole, na jua likitoka udongo huporomoka tena. Mche uliojaribu kuota pale hung'olewa mizizi kila asubuhi. Nilikanyaga udongo wa namna hiyo alfajiri nikausikia ukilia chini ya kiatu kama chumvi ya mawe. Ndiyo maana kidonda cha hatua chache huko juu hakifungi kwa msimu mmoja wa mvua kama kingefungwa hapa kwetu na magugu.

Mimea yenyewe pia haina haraka. Kuna lobelia moja ya sehemu za majimaji ambayo majani yake yamejipanga kama bakuli na kuhifadhi maji katikati. Usiku maji ya juu huganda na ya chini hubaki maji, na hivyo kichipukizi kilicho ndani hakiguswi na barafu. Mmea huo husubiri miongo ya miaka kabla ya kutoa ua lake refu. Vijana wetu wawili walitaka kuvunja barafu ya bakuli hilo ili kuona kilichomo, na kwa bahati nzuri waliuliza kwanza.

Ama kuhusu moto, hapa sina nafasi ya kukubaliana nawe hata kidogo. Nyasi za vishungi hubeba majani makavu ya miaka mingi chini ya yale mabichi, na udongo wenyewe umejaa mabaki ya mimea, kwa hiyo moto unaweza kuonekana umezimika juu na ukaendelea kutambaa chini. Mwezi wa Machi mwaka 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la msitu na nyika ya Mlima Kenya. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020, katika mlima wa jirani zetu, Kilimanjaro, moto ulianzia eneo la Whona, mahali pa kupumzikia wapandaji wanaotoka kambi ya Mandara kwenda kambi ya Horombo, ukawaka siku nyingi, na maelezo ya kwanza ya wakuu wa hifadhi yalitaja kwamba chanzo ni upashaji moto wa chakula. Hao hawakukusudia ubaya. Walikuwa na njaa na baridi kama sisi pale Mintos, na jambo hilo ndilo linaloninyima usingizi nikikumbuka yale majani ya senesio mkononi mwa kijana wetu.

Wala sitaki mtu aache kwenda. Nataka waende watu wengi zaidi wa pwani, na waende na jiko la gesi, mitungi ya kutosha na nguo nzito.

Mpagazi wa Chogoria

Habari zenu, watu wa pwani. Nimeuona uzi huu na ningependa kusema machache kwa upande wetu tunaobeba mizigo.

Wageni wengi hudhani kwamba wakimwachia mpagazi mfuko wa taka basi wametimiza wajibu. Mfuko huo huongezwa juu ya mzigo ambao tayari umepimwa, na siku ya kushuka kila mtu amechoka na ana haraka ya kupata gari. Ndipo taka hufichwa nyuma ya jiwe au kutupwa kwenye shimo la choo. Sisemi kwamba ni sawa, nasema ndivyo inavyotokea. Kama mnataka taka zishuke, zipangieni nafasi tangu mwanzo: mtungi wa gesi ukiisha, mwenye begi lililopungua chakula aubebe mwenyewe.

Jambo la pili ni kelele. Kwa wazee wa Ameru, Aembu na Agikuyu, mlima huu si mahali pa kutembelea tu, ni mahali patakatifu, na bado kuna watu wanaoomba wakiuelekea. Spika za muziki kambini usiku huwaudhi wapandaji wanaoamka saa nane au saa tisa kwenda kilele cha Lenana, na hutuudhi sisi pia. Mkija na dua zenu na kasida zenu kwa sauti ya kawaida, hakuna atakayewakataza.

Na mtu akiumwa kichwa na kutapika, ashushwe mara moja. Watu wa pwani hutoka usawa wa bahari, miili yao haijazoea, nao huficha maumivu kwa kuona haya. Lala usiku mmoja karibu na lango kabla ya kupanda.

Mzee wa Shela

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu na nimemwomba aniandikie.

Huo mlima sijaupanda na sasa magoti hayaniruhusu. Lakini jambo mnalolieleza ninalo nyuma ya nyumba yangu. Vilima vya mchanga vya Shela navyo humhadaa mgeni akadhani ni jangwa lisilo na kazi. Mvua ikinyesha huzama ndani ya mchanga, maji matamu yakakaa juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika, na visima vilivyo humo ndivyo vinavyounywesha mji wa Amu. Ukikata majani yanayoushika mchanga, upepo huuchukua. Ukichimba choo juu yake, unakijua kinakokwenda. Nasi tumeona watu wakija kulala pale kwa mahema, wengine ni wageni na wengine ni watoto wetu wenyewe, wakaacha chupa zilizovunjika, majivu ya kuni na uchafu wa binadamu juu ya maji ya kunywa ya mji mzima.

Kwa hiyo, Mwalimu, nakuomba hivi: kabla hujawapeleka vijana kwenye maji ya watu wa Meru, walaze kwanza usiku mmoja hapa Shela, nje ya vilima, kwenye ufuo usiofikiwa na maji kujaa, na uwatazame watakavyoamka na mahali pao patakavyokuwa. Atakayeshindwa kuchukua taka zake mwendo wa dakika arobaini mpaka mtaa wa Langoni mjini Amu, hatazichukua kutoka mlimani.

Binti Shela

Ami, ahsante sana kwa maneno hayo. Nyumba yetu haiko mbali na hapo na ninakubali kuwapokea wasichana watakaokuja kwa usiku huo wa majaribio.

Nahodha wa Mkomani

Nimekubali kuhusu wali, ingawa moyo umeniuma. Nitaoka mahamri ya siku nne na mkate wa mofa, na nitajaribu kupima gesi inayotumika kuchemsha lita moja ya maji ili tujue idadi ya mitungi. Hapa kwetu maji yatachemka upesi, kwa hiyo nitaongeza nusu yake tena kwa sababu ya baridi na upepo. Mwalimu, niambie kama nusu inatosha.

Mwana wa Langoni

Nahodha, ongeza kiasi kilekile kizima ili iwe mara mbili, si nusu. Sisi tuliongeza nusu.

Ami wa Shela, pendekezo lako nimelipokea kwa heshima na tutalifanya kabla ya mwezi kwisha, siku ya Ijumaa jioni baada ya swala ya Alasiri, insha'Allah. Hakutakuwa na moto wala muziki, na kila mtu atakuja na chakula chake katika kitambaa au bakuli lenye kifuniko. Mpagazi wetu wa Chogoria, nakutumia ujumbe wa faragha ili tupange mizigo ya wapagazi kabla hatujanunua chochote, na taka tutazibeba wenyewe kwa zamu nitakayoiandika.

Masufuria mawili yenye vifuniko yako kwangu, na miiko minne ya kuchimbia nimeipata kwa fundi mwashi. Kilichobaki ni mizani. Namtafuta mvuvi mwenye mizani ya kupimia samaki, ile ya ndoana inayofika kilo 25, atuazime kwa wiki mbili. Nataka tupime makopo, mitungi na vifungashio vyote langoni tukipanda, tuandike, na tuvipime tena tukishuka.